SOMO LA REDIO: JINSI UJUMBE WA SIRI UNAVYOFUMBULIWA

Mwalimu na aandike ubaoni herufi hizi: OKPP NBUFNB.

(Kituo kidogo.)

Hayo ni maneno mawili ya Kiswahili yaliyofichwa. Aliyeyaficha ameiacha kila herufi na kushika inayofuata: badala ya A ameandika B, badala ya B ameandika C, na kadhalika. Hesabu hiyo ya kusogeza ndiyo ufunguo. Mwenye ufunguo husoma. Asiye nao hushambulia.

Shambulio la kwanza ni kujaribu kila ufunguo. Herufi ni 26, basi funguo ni 25 tu. Mtoto wa shule atazimaliza kabla wali haujaiva.

La pili ni kuhesabu herufi, kazi aliyoieleza Al-Kindi wa Baghdad katika karne ya 9. Kwa Kiswahili A hutokea mara nyingi kupita zote, na maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu. Tazameni neno la pili: B imo mara mbili, tena iko mwishoni. Iwekeni A. N nayo imo mara mbili. Mtu wa ziwa hili hahitaji kuambiwa zaidi: ni MATEMA! Hapo tayari tumetumia shambulio la tatu, kukisia neno unalolitarajia. Kutokana na hilo mtaona kuwa kila herufi imesogezwa moja, na neno la kwanza litafunguka lenyewe.

La nne ni kungojea kosa. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuipiga Colombo, wafumbuaji wa Kiingereza walihamishiwa Kilindini, Mombasa, wakawekwa katika shule ya Allidina Visram. Walisikiliza simu za upepo za Wajapani, kwa taabu, maana sauti zilifika hafifu. Siri ya meli za mizigo, iliyoitwa JN-40, iligeuza maneno kuwa tarakimu, kisha ikazivuruga. Mwezi Septemba Mjapani mmoja alipeleka ujumbe bila kutaja mahali meli ilipo. Akaupeleka tena, ameongeza mahali hapo, kwa ufunguo uleule. John MacInnes na Brian Townend wakazilinganisha karatasi mbili hizo. Kufikia Novemba walisoma kila ujumbe wa siri hiyo, na meli zikawa shabaha. Mimi huwawaza mabaharia wale, waliodhani hakuna ajuaye njia yao.

Tena kuna kuchukua karatasi zenyewe. Oktoba 1914 Waingereza walioitafuta manowari Königsberg walipanda meli Präsident huko Lindi, wakakuta hati za makaa yaliyopelekwa Rufiji.

Namba ya siri ya fedha katika simu yako, yenye tarakimu 4, ina njia 10,000. Mwizi hazijaribu zote, kwani akikosea mara chache hufungiwa. Hujaribu mwaka wako wa kuzaliwa, au hukupigia akijifanya karani, akuombe umtajie.

Zoezi, ufunguo ni uleule: NDIFMF. Ni kitu cha Kyela, na wengi wenu mmekila jana.