Chai ya asubuhi ya Wakantoni: Meza ya bei nafuu inayokutanisha vizazi vitatu

UKIMWULIZA mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa kama ameshakunywa chai, hukusudii kujua habari za kikombe peke yake. Ndani ya swali hilo mna chapati, maandazi, vitumbua, mihogo na hata supu. Kunywa chai ni kustaftahi.

Wakazi wa Guangzhou, kusini mwa China, na wenzao wa Hong Kong huzungumza vivyo hivyo. Katika lugha yao ya Kikantoni, "yam cha" maana yake ni "kunywa chai", lakini kila anayealikwa hujua kwamba anakwenda kula, na kwamba huenda asiondoke mezani kabla ya saa mbili kupita. Hata neno letu "chai" lina asili moja na "cha" yao: lilitoka China, likapita Uajemi na India, ndipo likafika katika pwani yetu.

Kwa Waafrika Mashariki wanaosafiri kwenda Guangzhou kununua nguo, simu na vifaa vya nyumbani, mlo huu ni jambo wanaloliona kila asubuhi bila pengine kulielewa. Ukumbi umejaa wazee wanaosoma magazeti, akina mama wenye watoto, vijana wanaowahudumia babu na bibi zao, na mbele yao vikapu vidogo vya mianzi vinavyotoa mvuke. Ni nini hasa kinachofanyika pale, kinagharimu kiasi gani, na kwa nini katika miaka ya karibuni desturi hiyo inazungumzwa kwa wasiwasi?

Chimbuko: nyumba za li mbili

Desturi hii haikuanzia kwa matajiri. Katikati ya karne ya 19 palikuwa na vibanda mjini Guangzhou vilivyojulikana kama "nyumba za li mbili". Li ilikuwa sehemu ya elfu moja ya tael, kipimo cha fedha cha wakati huo, na li mbili ndiyo iliyokuwa bei ya chai. Wateja walikuwa wachukuzi, vibarua na wachuuzi. Waliketi kwenye mabenchi ya mbao, wakapumzisha miguu na kula kipande cha keki au andazi kabla ya kurudi kazini.

Baadaye wenye mitaji waliona faida na kujenga nyumba za chai za ghorofa, zenye nafasi na mapambo. Mojawapo ni Tao Tao Ju ya Guangzhou, ambayo historia yake huhesabiwa tangu mwaka 1880. Huko Hong Kong, Luk Yu ilifunguliwa mwaka 1933. Hata hivyo, kumbi za kawaida ziliendelea kuwapo, na hadi leo Wakantoni wana msemo wa "kikombe kimoja, vipande viwili", yaani chai na vitafunwa viwili vinamtosha mtu kuanzia siku yake.

Vitafunwa hivyo ndivyo vinavyojulikana duniani kwa jina la dim sum. Ni vyakula vidogo vidogo, aghalabu vya kupikwa kwa mvuke, vinavyoletwa vipande vitatu au vinne katika kikapu kimoja. Kuna "har gow", vifuko vya unga mweupe unaopenya mwanga vyenye kamba ndani. "Siu mai", vikombe vidogo vya unga vilivyojazwa nyama ya nguruwe na kamba. Na "char siu bao", maandazi laini ya mvuke yenye nyama ya nguruwe tamutamu. Kuna pia miguu ya kuku iliyokaangwa kisha ikapikwa kwa mvuke, keki ya figili, mikate myembamba ya unga wa mchele iliyokunjwa, na uji wa mchele.

Namna ya kuagiza

Anayeingia kwa mara ya kwanza anaweza kuchanganyikiwa, lakini utaratibu wenyewe ni rahisi. Kwanza huulizwa idadi ya watu, kisha aina ya chai. Zinazopendwa zaidi ni pu'er, chai nyeusi nzito ambayo wengi huiamini kuwa husaidia kuyeyusha mafuta tumboni, tieguanyin, chai ya asumini, na chai ya maua ya krisanthemu. Haitiwi maziwa wala sukari.

Buli likishaletwa, wenyeji wengi humimina chai ya kwanza juu ya vikombe, vijiko na vijiti ili kuvisuuza, kisha maji hayo humwagwa katika bakuli maalumu. Mgeni asidhani kwamba huko ni kuitukana nyumba. Ni mazoea tu.

Mezani huwa pana karatasi yenye orodha ya vyakula, na mteja huweka alama kwenye anavyovitaka. Vyakula hugawanywa katika madaraja ya bei: vidogo, vya kati, vikubwa na maalumu. Katika kumbi za zamani, wahudumu walikuwa wakisukuma matoroli yenye vikapu vya moto kati ya meza wakinadi walichobeba, na kila mteja alipochukua kikapu, kadi yake iligongwa muhuri. Mwisho wa mlo mihuri ilihesabiwa na bili ikatolewa. Haba na haba hujaza kibaba: kikapu kimoja ni bei ndogo, lakini asiyehesabu mihuri yake anaweza kushtuka.

Kwa nini ni rahisi?

Katika ukumbi wa kawaida wa Guangzhou, kikapu kimoja huuzwa takriban yuan 10 hadi 30 kutegemea daraja lake. Zaidi ya vikapu, kila mtu hutozwa ada ndogo ya chai, na buli huongezwa maji moto bila malipo mengine.

Unafuu huo una sababu zake. Ya kwanza ni saa. Kumbi nyingi hutoza bei ya chini kwa wanaofika mapema siku za kazi, wakati ambapo viti vingekuwa vitupu. Ndiyo maana asubuhi na mapema ukumbi huwa wa wazee: wao wana muda, na mfuko wa mstaafu unatosha. Siku za mwisho wa juma, familia zinapojaa, bei hupanda.

Sababu ya pili ni ukubwa wa vyakula. Kwa kuwa vipande ni vidogo na vyote huwekwa katikati, meza ya watu wanane inaweza kuonja vyakula kumi na viwili bila yeyote kununua sahani nzima peke yake. Kadiri watu wanavyoongezeka, ndivyo kila mmoja anavyoonja aina nyingi zaidi kwa fedha ileile. Kwa hesabu hiyo mlo huu humpendelea anayekuja na jamaa zake kuliko anayekuja peke yake.

Unafuu hauna maana ya upishi duni. Mwaka 2009 mpishi Mak Kwai Pui, aliyewahi kufanya kazi katika mgahawa wa kifahari wa Lung King Heen, alifungua duka dogo la Tim Ho Wan katika mtaa wa Mong Kok, Hong Kong. Katika toleo la 2010 la kitabu cha Michelin duka hilo lilipewa nyota moja, likapata sifa ya kuwa miongoni mwa migahawa ya bei ya chini kabisa iliyowahi kupata heshima hiyo.

Adabu za mezani

Anayekaa na buli karibu haanzi kwa kikombe chake. Huwamiminia wengine kwanza, akianza na mwenye umri mkubwa. Anayemiminiwa hashukuru kwa maneno, bali hugonga meza polepole kwa vidole viwili. Hadithi ya mapokeo husema kwamba mfalme Qianlong, aliyetawala katika karne ya 18, alisafiri kusini akiwa amejificha katika mavazi ya raia, akammiminia chai mtumishi wake. Mtumishi hakuweza kupiga magoti bila kuifichua siri, basi akakunja vidole juu ya meza badala ya magoti. Iwe kweli au ngano, ishara hiyo hutumika kila siku.

Buli likiisha maji, huiti mhudumu kwa sauti. Kifuniko huachwa wazi au kulazwa pembeni, naye ataelewa. Na bili ikija, usishangae kuona wajomba wawili wakivutana kana kwamba wanataka kupigana. Kila mmoja anataka kulipa.

Kwa msomaji Mwislamu, tahadhari ni muhimu. Nyama ya nguruwe na mafuta yake huingia katika vyakula vingi vya dim sum, pamoja na vile ambavyo havionekani kuwa na nyama. Huko Hong Kong, msikiti wa Ammar uliopo Wan Chai una mgahawa unaotoa dim sum halali, na umekuwa ukipendwa na Waislamu na wasio Waislamu. Guangzhou, ambako pana msikiti mkongwe wa Huaisheng, migahawa ya Waislamu wa China hupatikana kwa urahisi katika eneo la Xiaobei, mahali ambapo wafanyabiashara wengi wa Kiafrika hufikia, ingawa mingi huuza tambi na nyama ya kondoo badala ya dim sum.

Kinachohofiwa kupotea

Kwa familia nyingi za Kikantoni, meza ya Jumapili ndiyo mahali pa kuhesabiana. Nyumba za Hong Kong ni ndogo mno kuweza kukaribisha ukoo mzima, hivyo babu na bibi hukutana na watoto na wajukuu ukumbini. Hapo hujulikana nani anaumwa, nani amepata kazi na nani amekosa kufika. Ndiyo maana Mkantoni anapoagana na rafiki husema, "Ukipata nafasi, tunywe chai."

Mkutano huo ulipata pigo wakati wa janga la UVIKO-19. Mwaka 2020 serikali ya Hong Kong iliweka kikomo cha watu wanne kwa meza, na wakati fulani wawili tu. Mwishoni mwa Julai mwaka huo, kwa siku mbili, ilipigwa marufuku kabisa kula ndani ya migahawa. Wazee waliozoea kwenda ukumbini kila asubuhi walijikuta hawana pa kwenda. Agosti 2022, nyumba ya chai ya Lin Heung katika mtaa wa Wellington, moja ya zile chache zilizobaki na matoroli na desturi ya wageni kuchangia meza, ilifungwa. Ilifunguliwa tena mwaka 2024, lakini kufungwa kwake kuliwaonyesha wengi jinsi kumbi hizo zisivyo na uhakika.

Pigo jingine ni kutawanyika kwa watu. Tangu Januari 2021, Uingereza ilipofungua viza maalumu kwa wakazi wa Hong Kong wenye hadhi ya BN(O), familia nyingi changa zimehamia huko, na wazee wengi wamebaki. Aidha, baada ya mpaka kufunguliwa mwaka 2023, wakazi wengi wa Hong Kong wamekuwa wakivuka kwenda Shenzhen siku za mapumziko kutafuta chai ya bei nafuu zaidi. Kumbi za nyumbani, zinazobanwa na kodi za juu za majengo na uhaba wa vijana walio tayari kuamka kabla ya alfajiri kukunja unga, hukosa wateja siku zilezile zilizokuwa zikizipa faida. Baadhi hujiokoa kwa kununua vipande vilivyotengenezwa kiwandani na kugandishwa, jambo linalowaudhi wateja wa siku nyingi.

Hapo ndipo bei inapokuwa suala zito kuliko chakula chenyewe. Kikapu cha har gow kikipanda bei, tajiri ataendelea kula. Atakayepunguza siku zake ukumbini ni mstaafu, na pamoja naye itapungua ile hesabu ya ukoo ya kila juma. Dim sum zitapatikana hata madukani, zikiwa zimegandishwa katika pakiti. Meza ambayo babu anaweza kuimudu, na ambayo wajukuu wanajua kwamba watamkuta, haiuzwi kwa pakiti.

Kwa hiyo mfanyabiashara wetu atakayejikuta Guangzhou asubuhi na mwenyeji wake akamwambia waende kunywa chai, asihesabu mwaliko huo kuwa wa kikombe kimoja kabla ya kwenda sokoni. Ajipe saa mbili, aulize kilichomo ndani ya kila kikapu, amimine chai kwa mkubwa kabla ya kujimiminia, na agonge meza kwa vidole viwili.