Historia na Ubunifu katika Tamthilia: Funzo kutoka Opera ya L'Africaine

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, aghalabu swali la tamthilia ya kihistoria hujibiwa kwa kusimulia historia yenyewe. Swali limetaka usawiri wa mhusika, mtahiniwa anaorodhesha tarehe za vita. Wengine hudai kuwa mtunzi "amekosea". Makala haya yanaeleza namna ya kuepuka mtego huo, kwa mfano unaogusa pwani yetu.

Opera ni tamthilia ambayo mazungumzo yake huimbwa yakiandamana na ala za muziki. L'Africaine (yaani "Mwafrika wa Kike") ni opera ya Kifaransa yenye muziki wa Giacomo Meyerbeer na maneno ya Eugène Scribe. Ilionyeshwa kwanza Paris tarehe 28 Aprili 1865, Meyerbeer akiwa amefariki mwaka uliotangulia. Shujaa wake ni Vasco da Gama.

Historia yasemaje? Mnamo Aprili 1498, Vasco alifika Mombasa, asielewane na wenyeji, akaendelea hadi Malindi. Mtawala wa Malindi, aliyekuwa hasimu wa Mombasa, alimpa rubani aliyeijua Bahari ya Hindi. Mei mwaka huo, Wareno wakafika Calicut, India.

Katika opera, Malindi haipo. Anayemwonyesha Vasco njia kwenye ramani, wakiwa gerezani Lisbon, ni Sélika, malkia aliyetiwa utumwani. Anampenda Vasco. Hatimaye anamwachilia aende na Inès, mwanamke Mreno, kisha anajiua chini ya mti wenye sumu.

Tazama mabadiliko hayo. Ujuzi wa rubani umegeuzwa zawadi ya mapenzi. Hesabu za kisiasa za Malindi zimetoweka. Mtazamaji wa Paris anaona mgeni akipewa njia na mtu asiyedai chochote. Hata hivyo, usihukumu haraka: yumo pia Nélusko, mtumwa anayeiongoza merikebu ya Wareno kwenye maangamizi kwa makusudi. Jibu zuri huwapima wahusika wote wawili.

Linganisha na Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein, kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905–1907. Mwandishi mwenyewe alieleza kwamba mhusika wake si nakala ya Kinjeketile wa historia. Amempa mashaka ya nafsi ili kuonyesha jinsi neno linavyoweza kumshinda aliyelitamka. Hapa ubunifu unampa Mwafrika undani. Kwa Sélika, undani wote umemezwa na mapenzi.

Kwa hivyo, ukikutana na tamthilia ya aina hii, jiulize:

1. Ni nini kimebadilishwa?
2. Badiliko hilo linajenga dhamira gani?
3. Nani amepewa sauti, na nani amenyamazishwa?

Zoezi: Mwaka wa 1938, Wakamba wa wilaya ya Machakos, iliyojumuisha Makueni ya leo, waliandamana hadi Nairobi kupinga kupunguzwa kwa mifugo yao. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alipelekwa uhamishoni Lamu. Andika onyesho fupi kuhusu tukio hili. Badilisha jambo moja tu, kisha ueleze kwa aya moja sababu ya kulibadilisha.

Wanafunzi wetu wa Kitui na Makueni wakiweza kuitetea aya hiyo, wataweza pia kumhoji mtunzi yeyote anayeisimulia historia yao.