Baiskeli ya Umeme ya Mizigo: Anza na Keria, Mota Baadaye

Mitwero, kaskazini mwa mji wa Lindi, baiskeli ni mtumishi wa nyumba. Hubeba madumu ya maji, nazi, kuni na korosho, na asubuhi humpeleka mtoto shule. Ikiongezewa mota na betri, watu huuliza kwanza kasi yake. Mwenye familia aanze kwa kuuliza jinsi itakavyosimama ikiwa na mzigo.

Tupige hesabu. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20, kwa hiyo madumu manne ni kilo 80. Ongeza mwendeshaji wa kilo 65 na baiskeli yenyewe, ambayo pamoja na betri na mota yaweza kufika kilo 35. Jumla ni kilo 180. Breki za fito za baiskeli zetu za zamani hazikukusudiwa uzito huo, na ringi zikilowa mvua ya masika hushika kwa shida. Tafuta breki za diski mbele na nyuma, spoku nene, na keria ndefu iliyochomelewa kwenye fremu. Mzigo ukae chini kadiri inavyowezekana. Mtoto akipakiwa, awe na kiti chake na kinga ya kuzuia mguu usiingie kwenye spoku.

Kuhusu mota, sheria ya Umoja wa Ulaya kwa baiskeli za kawaida za umeme huruhusu wati 250 zinazosaidia miguu hadi mwendo wa kilomita 25 kwa saa. Kwa lami nguvu hiyo yatosha. Taabu ni mchanga wa vichochoro vya pwani. Mota iliyofungwa ndani ya gurudumu ikilazimishwa kuzunguka polepole chini ya mzigo, sehemu kubwa ya umeme hugeuka joto, na mwisho huungua. Weka tairi pana, na penye mchanga mzito shuka usukume.

Betri ya volti 48 na ampea-saa 15 huhifadhi wati-saa 720. Baiskeli yenye mzigo hula kama wati-saa 20 kwa kilomita, hivyo kwa karatasi utakwenda kilomita 36. Wewe panga 25, kwa sababu wakati wa kusi safari ya kwenda mjini hupigwa na upepo usoni, na betri nayo huzeeka. Kuijaza hakumalizi hata uniti moja ya LUKU. Kwa mteja wa kawaida uniti ni takriban shilingi 350 pamoja na kodi, na mtumiaji mdogo hulipa chini zaidi. Lita ya petroli miaka hii imecheza karibu na shilingi 3,000. Petroli hiyo huagizwa nje, ilhali gesi ya Songo Songo, hapa hapa mkoani Lindi, wilayani Kilwa, inafua umeme wa taifa tangu 2004.

Lakini unafuu huo humezwa na betri ikifa mapema. Betri za risasi ni rahisi kununua, ila ni nzito na huchoka upesi; za lithiamu zenye fosfati ya chuma hudumu zaidi na huvumilia joto vizuri zaidi. Usiiache betri juani, isubiri ipoe kabla ya kuichaji, tumia chaja yake, na usiichajie mlangoni wakati watu wamelala. Chumvi ya bahari ni adui mwingine: futa viungio vya nyaya kwa kitambaa kikavu na paka cheni mafuta mara kwa mara. Kila wiki weka kando sehemu ya nauli uliyookoa, iwe akiba ya betri ijayo.

Wengine wametangulia. Jinja, Uganda, shirika la FABIO limeendesha baiskeli ya umeme ya AfricroozE, iliyobuniwa kwa ajili ya njia za Afrika. Zimbabwe, tangu 2019, wanawake wa vijijini hutumia chombo cha umeme cha magurudumu matatu kiitwacho Hamba, kinachopata betri zilizochajiwa kwenye vituo vya umeme wa jua. Kote huko chombo kinakwenda na huduma ya karibu.

Basi kaya kadhaa za mtaa mmoja zikichanga, zinunue baiskeli za aina moja ili vipuri viingiliane, na zimpeleke fundi baiskeli wao akajifunze nyaya na betri. Kama hujampata mtu wa kuitengeneza hapa Lindi, usinunue bado.