Biashara ya Mashua ya Tanga: Mwezi wa Tano Mtakula Nini?

Kila mwaka upepo wa kaskazi unapokaribia, vijana huja ofisini kwetu na wazo lile lile. Wana mashua, au mzee wao anayo, au wameahidiwa mkopo wa kununua moja. Wanataka kupakia wageni, wawapeleke kwa tanga mpaka kwenye matumbawe ya Malindi au Watamu, ama ndani ya hori la Mida, kisha wawarudishe wakiwa wameshiba samaki na jua. Wanatuuliza wafanye nini ili biashara idumu na bahari isiharibike. Sisi nasi huwauliza: mwezi wa tano mtakula nini?

Wengine hucheka, wakidhani tumeacha habari za mazingira tukaingilia mambo ya jikoni. Lakini kwa muda tuliofanya kazi na vikundi vya ufuoni tumeona kwamba bahari haiharibiwi sana mwezi wa kumi na mbili, wakati pesa ipo. Huharibiwa wakati wa kusi, pesa ikiwa imekwisha.

Pwani yetu ina pepo mbili kubwa, na mabaharia wa hapa walizijua kabla hata Vasco da Gama hajachukua rubani Malindi mwaka 1498. Kaskazi huvuma tangu mwezi wa kumi na mbili hivi hadi wa tatu. Bahari hutulia na wageni hujaa. Kisha huja kusi pamoja na mvua za masika. Mawimbi huwa makubwa, Mto Sabaki hushusha tope baharini, na hoteli nyingi za Malindi na Watamu hufunga milango mwezi wa tano na wa sita. Mashua hupandishwa mchangani. Lakini watoto hawapandishwi mchangani pamoja nayo. Wao wanataka ugali na karo.

Tunakumbuka kikundi kimoja, jina tutalihifadhi. Msimu wao wa kwanza ulikuwa mzuri ajabu. Kila jioni waligawana pesa zote pale pale ufuoni, kila mtu akaenda zake. Kufika Pasaka hapakuwa na kitu. Mwezi wa tano wawili kati yao walikuwa kwenye juya, ule wavu wa kukokota uliopigwa marufuku nchini tangu mwaka 2001 kwa sababu huzoa hata samaki wachanga na kung'oa majani ya bahari. Mwingine alikuwa akikata mikoko usiku. Na hao ni vijana wale wale ambao mwezi wa pili walikuwa wakiwaambia wageni wasiguse tumbawe! Hatukuwa na uso wa kuwalaumu. Tuliwafundisha habari za samaki, hatukuwafundisha kuweka daftari.

Basi tuanze na daftari. Wavuvi wetu wana desturi ya zamani ya kugawa mapato kwa mafungu. Nahodha ana lake, mabaharia wana yao, na chombo nacho kina fungu lake, maana chombo kisipokula hakifanyi kazi. Sisi tunashauri liongezwe moja, tuliite fungu la kusi. Tuseme safari moja, baada ya kutoa mafuta, chakula na ada zote, imebakisha shilingi 12,000. Mna nahodha, mabaharia wawili na mpishi. Hayo ni mafungu manne. La tano ni la chombo, la sita ni la kusi. Kila fungu ni shilingi 2,000. Mkifanya safari 60 tangu Desemba hadi Machi, fungu la kusi limefika shilingi 120,000. Ligawanyeni kwa watu wanne kwa miezi mitatu ya shida, na kila mmoja ana shilingi 10,000 kwa mwezi. Si pesa za kujengea nyumba ya mawe, lakini mwenye nazo hana haja ya kwenda juyani. Ziwekwe katika chama cha akiba na mikopo, si mfukoni mwa nahodha, hata awe mcha Mungu namna gani.

Fungu la chombo nalo lisiguswe. Ni la kutia kalafati, kushona tanga na kubadilisha ubao uliooza, kazi ambazo kusi hutupa nafasi ya kuzifanya. Mashua ikitunzwa hivyo huishi miaka mingi, na miti ya kuundia nyingine hubaki imesimama.

Sasa tuje kwenye petroli, ambayo hula faida kimya kimya. Hifadhi ya baharini ya Malindi iko kusini ya mji. Wakati wa kaskazi kwenda ni rahisi, upepo uko mgongoni. Shida ni kurudi, maana lazima kubisha, na upepo wa alasiri huwa na nguvu. Hapo nahodha mwenye haraka huwasha injini. Mgeni aliyelipia tanga anasikia kelele na kunusa moshi, na mwenye mashua ananunua mafuta ili amuudhi mgeni wake mwenyewe! Ondokeni mapema, anzeni kurudi mapema, na mwambieni mgeni tangu ufuoni kwamba kubisha ni sehemu ya safari. Wengi hufurahia kushika kamba. Injini iwepo, lakini iwe ya dharura.

Kule Mida ni rahisi zaidi: ingieni maji yakijaa, tokeni yakipwa, na mkondo utafanya kazi ya injini bure. Kikwazo ni hoteli. Zinataka saa tatu kamili kila siku, na maji huchelewa kama dakika 50 kila siku ipitayo. Tuliwashauri vijana wampelekee meneja mmoja karatasi yenye saa za maji za wiki nzima. Walidhani atawafukuza. Aliibandika ukutani.

Juu ya mwamba wenyewe hatutasema mengi, kwani vijana wa sasa wameyasikia shuleni. Hifadhi za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza za baharini barani Afrika, na ndani yake hakuna ruhusa ya kuvua wala kuokota makombe. Mwaka 1998 maji yalipata joto kupita kiasi kwa ajili ya El Niño, matumbawe yakageuka meupe na sehemu kubwa ikafa. Joto la bahari hatuwezi kulizuia tukiwa Malindi. Nanga tunaweza. Tumbawe kubwa la mviringo huongezeka kama sentimita 1 tu kwa mwaka, na nanga ikiburuzwa mara moja huvunja kazi ya miaka mingi. Palipo na boya la kufungia, fungeni hapo. Pasipo na boya, baharia apige mbizi aiweke nanga mchangani kwa mkono. Wageni wasisimame juu ya mwamba maji yakiwa machache, na samaki wasipewe mkate, hata mgeni akiwa ameuleta mwenyewe kutoka mezani.

Tena msisahau wavuvi. Kuruwitu, kusini ya mji wa Kilifi, wavuvi wenyewe walifunga kipande cha bahari cha hekta 30 hivi mwaka 2005. Si wote waliokubali. Samaki waliporudi, wageni nao wakaanza kwenda kuwaona, na mwaka 2017 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Mwenye mashua ya wageni anavuna palipofungwa na wenzake. Kwa hiyo aende kwenye mikutano ya kamati ya ufuo, na samaki wa chakula cha safari awanunue kwao, kwa bei yao.

Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi hifadhini wala ufuoni tangu Juni 2020, basi chukueni mtungi wa maji na madafu. Idadi ya abiria isizidi iliyoandikwa kwenye leseni, na kila mmoja awe na jaketi la kuelea. Tumeona mashua ya watu wanane ikibeba kumi na wanne siku ya Krismasi, na bado hatujui ilifikaje.

Vikundi vinavyotaka kufundishwa daftari la mafungu vije ofisini kabla ya kaskazi kuanza. Mweka hazina aje mwenyewe, asitume mtu.