Kusaga Meno Usiku na Maumivu ya Kichwa

Kuna nyumba ambamo usiku husikika sauti ya ajabu: mtu amelala fofofo, lakini meno yake yasagana kama mawe mawili. Asubuhi huamka na taya zito, na kichwa chamgonga penye mapanja. Hapa Uvira utasikia mmoja akisema ni minyoo, mwingine kwamba ni mchawi. Basi fedha ya ndagala huishia katika dawa za malaria, ingawa mgonjwa hana homa. Na lililo baya zaidi, jirani hushitakiwa bure, au magego mazima hung'olewa.

Tuangalie jinsi Mungu alivyotuumba. Taya la chini limeunganishwa na fuvu kwa viungo viwili, kimoja mbele ya kila sikio. Weka vidole hapo, ufungue kinywa: utavihisi vikisogea. Misuli ya kutafuna nayo hupanda mpaka mapanjani. Msuli ukifanya kazi usiku kucha huweza kuuma kama mgongo wa mvuvi aliyepiga kasia hadi alfajiri; na maumivu hayo huhisiwa kichwani.

Mwaka 1934, daktari James Costen wa St. Louis, Marekani, alifundisha kwamba maumivu ya namna hii yatokana na meno yasiyokutana sawasawa. Leo twajua kwamba sababu ni nyingi: pigo la taya, usingizi mbaya, na hasa wasiwasi wa moyo. Watu wa Uvira, waliopatwa na mafuriko ya Aprili 2020 na vita vya mara kwa mara, hawana haja ya kuelezwa jinsi hofu imfuatavyo mtu hata kitandani.

Daktari wa meno aweza kuchukua umbo la meno, kisha hutengenezwa kifuniko kigumu cha plastiki cha kuvaliwa usiku. Kifuniko hicho huyakinga meno yasilike. Je, huponya maumivu? Mwaka 2023 wataalamu walitoa mwongozo katika jarida la BMJ la Uingereza kuhusu maumivu ya taya ya muda mrefu. Hawakukipendekeza, walitanguliza mazoezi ya taya yenye usimamizi, kukandwa misuli na mtaalamu, na mafunzo ya kutuliza mawazo. Vifaa vya kubadili mkao wa meno daima walivikataa kabisa.

Basi aliye mbali na daktari wa meno asikate tamaa. Mchana, midomo ifungwe lakini meno yasigusane. Taya likandwe kwa kitambaa cha maji ya moto kiasi. Chakula kiwe laini, na miwa ya bonde la Ruzizi iachwe kwa muda. Lakini ikiwa kuna homa, uvimbe, shingo iliyokakamaa, au kinywa kimekataa kufunguka, hasa baada ya jeraha, mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia: huenda ni pepopunda.

Injili hutaja kusaga meno kwao waliotupwa nje gizani. Asagaye usingizini hakutupwa na mtu. Enyi wazazi, msimcheke, wala msimtafutie mchawi. Muulizeni kwa upole ni jambo gani linalomlemea, kisha salini pamoja naye kabla ya kulala.