Fundi wa Haibridi Afundishwe Kwanza Kungoja

Msomaji ametuuliza kwa nini fundi wa Toyota Prius, akishachomoa plagi inayotenga betri kubwa, huagizwa angoje dakika 10 kabla ya kugusa inveta. Kwani umeme haujakatwa? Swali ni fupi, lakini jibu lake ndilo linalostahili kuwa somo la kwanza la fundi wa magari ya umeme na haibridi, kabla hata ya ile kompyuta ya kusomea hitilafu.

Jinsi mota inavyozunguka tuwaachie wenye vitabu vya shule. Utamu uko ndani ya inveta, kisanduku kinachogeuza mkondo mnyoofu wa betri kuwa mkondo geu wa mota. Swichi zake hufunguka na kufunga maelfu ya mara kwa sekunde, zikivuta umeme kwa mafunda, na betri iliyo mbali nyuma ya gari haipendi kunywewa hivyo. Basi huwekwa akiba ya karibu: kapasita. Neno hilo limezoeleka ila halimwambii fundi lolote. Ningelipendelea “kilimbiko”, kutoka kulimbika, yaani kuyaacha maji yajikusanye kisimani ndipo uteke. “Kikusanyio” hakifai; hata pipa la taka hukusanya. Sasa tazama nyumba yenye simtanki juu ya paa. Maji ya mtaani huja kidogo kidogo, tangi huyalimbika, jikoni wakachota kwa mkupuo. Fundi bomba akifunga koki ya mtaani tu kisha akakata bomba la bafuni, ataoga bila kukusudia. Mwenye akili hufungua bomba la chini na kungoja. Ndani ya inveta, bomba hilo ni kikinza kinachovujisha chaji, nacho kina tabia ya tangi: shinikizo likiwa kubwa maji hufoka, likipungua huchuruzika, kwa hiyo volti za mwisho huchelewa kuisha. Tena tangi la Prius ya kizazi cha tatu limeinuliwa juu ya chanzo chake, kwani betri ni ya volti 201.6 na mfumo huzipandisha hadi 650. Kilimbiko cha mikrofaradi 1,000 kwa volti 500 hubeba juli 125. Mashine nyingi za hospitali za kuushtua moyo hutumia juli 120 hadi 200.

Kwa fundi mzoefu, hatari imo katika mazoea yaliyomlea. Miaka yote amefungua terminali ya betri ya volti 12, akashika spana papo hapo, na hakuna kilichomdhuru. Atasema gari lenyewe humwaga chaji hiyo kwa sekunde chache likizimwa. Naam, gari zima hufanya hivyo, lakini linaloletwa gereji ni bovu. Atasema glavu za volti 1,000 zinatosha. Tundu la sindano halionekani kwa macho, ndiyo maana glavu hujazwa hewa kwanza kabla ya kuvaliwa. Hata mita haiaminiwi hivi hivi: hujaribiwa kwenye chanzo chenye umeme unaojulikana, ikapima inveta, kisha ikarudishwa kwenye chanzo kile, maana mita iliyokufa nayo husoma sifuri. (Betri yenyewe haiishi chaji kwa kungoja; kuifungua ni somo la ngazi nyingine.)

Liko pingamizi zito zaidi: mafunzo ni ghali, na mafundi wetu wamejua kazi kwa kutazama wakubwa wao. Kutazama hufundisha kinachoonekana. Chaji haina rangi, harufu wala mlio, na anayeikosea huenda asipate nafasi ya kujifunza kosa lake. Wala tusiseme magari ya umeme bado yako mbali. Haibridi zilizotumika Japani zinapita kila siku Nairobi na Dar es Salaam, zikiwa na nyaya zilezile za volti kubwa, zenye rangi ya chungwa, nazo zitaharibikia mlangoni pa gereji ya mtaa. Vifaa vitanunuliwa pole pole, lakini kungoja hakuuzwi dukani. Fundi, chomoa, ngoja, pima. Ndipo ushike spana.