Dawa Gani ya Kusafishia Banda Kabla ya Kuingiza Vifaranga?

Vijana wa Bunju, Mbagala na Chamazi wananiuliza sana swali hili: "Afisa, dawa gani ni kali ya kusafishia banda?" Leo nalijibu kwa kirefu, maana hilo neno "kali" limeshawatia watu hasara.

Kijana mmoja wa Chamazi alinipigia simu usiku, anakohoa mpaka maneno hayatoki. Kuku wake wa nyama walikuwa wamekufa kwa gumboro, akakopa kwenye kikoba ili aingize vifaranga 300 wengine. Kwa kuogopa ugonjwa usirudi, alimwaga jiki bila kuichanganya na maji, juu ya sakafu yenye maranda mabichi na kinyesi, milango imefungwa. Kinyesi cha kuku kikilowa kinatoa amonia, na jiki ikikutana na amonia inatoa hewa ya sumu. Nikamwambia atoke, asirudi ndani, aende kituo cha afya usiku ule ule. Alipona. Lakini mimi sikulala vizuri, kwa sababu jiki nilimtajia mimi. Nilisema "piga jiki", nikasahau kumwambia kinachotangulia.

Kinachotangulia ni kuosha. Dawa haiondoi uchafu. Kinyesi, vumbi na mafuta vinamaliza nguvu yake kabla haijamfikia mdudu. Ukipulizia dawa ya bei mbaya juu ya uchafu, umeloweka uchafu tu.

Pili, jua unapambana na nani. Kirusi cha kideri kina ganda la mafuta, kwa hiyo hata sabuni inakivunja. Cha gumboro hakina ganda hilo, ni kigumu, na kinaweza kukaa bandani miezi kadhaa. Mayai ya vimelea vya kuhara damu ndiyo sugu zaidi: jiki haiyawezi. Hayo unayapunguza kwa kutoa maranda yote, kusugua na kukausha.

Sasa tuzichambue dawa zenyewe.

Jiki: ni rahisi kupata, na kwenye sakafu safi inaua hata kirusi cha gumboro. Ubaya wake, inakula vyuma na inapoteza nguvu juani. Changanya ya siku hiyo hiyo tu. Kama lebo inasema asilimia 3.5, kipimo 1 cha jiki weka kwenye vipimo 6 vya maji, utapata asilimia 0.5. Iache dakika 10, kisha suuza.

Kwatenari amonia: haina harufu kali, inafaa kwa vyombo vya maji na chakula. Ila peke yake ni dhaifu kwa gumboro. Pia inaharibiwa na sabuni isiyosuuzwa na inapungua nguvu kwenye maji magumu. Wengi wetu tunatumia maji ya kisima yenye chumvi. Ukiona sabuni haitoi povu, tafuta maji ya bomba ya kuchanganyia.

Glutaraldehaidi iliyochanganywa na kwatenari: kwa banda lililopata gumboro, hii ndiyo ninayoipendekeza. Iko kwenye maduka ya dawa za mifugo. Inawasha macho na mapafu, hivyo vaa barakoa, glavu na gambuti, fuata kipimo cha lebo, na kuku wasiwemo ndani.

Fomalini: achana nayo. Mabanda yetu yako ukutani kwa jirani, watoto wamelala upande wa pili.

Utaratibu wenyewe ni huu:

1. Toa kuku wote, maranda yote na vyombo vyote. Maranda yapeleke mbali na banda.
2. Fagia kuta, nyavu na dari, kisha sugua kwa sabuni na brashi.
3. Suuza, acha pakauke kabisa.
4. Pulizia dawa moja tu ukiwa umefungua madirisha. Usichanganye dawa mbili, wala jiki na siki au dawa ya choo.
5. Kama sakafu ni ya udongo, kwangua tabaka la juu, kisha nyunyiza chokaa.
6. Acha banda tupu siku 14. Vifaranga waingie pakiwa pakavu na hakuna harufu ya dawa, maana mapafu yao ni mepesi na bruda huwa imefunikwa.

Najua siku 14 bila kuku zinauma, hasa ukiwa na marejesho ya kikoba. Yule kijana naye alilalamika. Tukakaa tukapiga hesabu: wiki mbili za banda tupu, au vifaranga 300 kwenye shimo. Akasubiri.

Dawa haichukui nafasi ya chanjo. Gumboro chanja kwa ratiba uliyopewa. Na ukienda dukani, usiulize dawa kali. Sema banda lako lilipata ugonjwa gani, sakafu ni ya nini, na maji yako ni ya wapi.

Ufugaji mwema.